Programu ipi ya simu itanifaa kupanga kazi za ofisi na duka?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni afisa ununuzi katika taasisi moja ya umma yenye ofisi Mtumba, Dodoma, na ninaishi Nkuhungu. Pamoja na ajira, nina duka la mafuta ya alizeti katika Soko la Majengo ambalo mdogo wangu ndiye anayelisimamia. Kazi za ofisi, oda za dukani na mambo ya familia vyote vinapita kwenye simu moja, na vingi vinanipotea. Kwa ushauri wa marafiki nimepakua programu sita za kupangia kazi, zikiwemo Notion, Todoist na Trello, lakini kila moja naitumia wiki moja au mbili kisha naiacha. Simu yangu ni Android ya kawaida yenye hifadhi ya GB 64. Naomba uniambie ipi ndiyo bora, kama kuna ulazima wa kulipia, na kama ni salama kuweka mambo ya ofisi humo.

Jibu: Salama, dada, na pole kwa majukumu. Nitaanza na jibu lenyewe ili usilitafute mpaka mwisho wa maelezo. Kwa simu uliyonayo na kwa aina ya kazi ulizozitaja, programu mbili zinakutosha: Google Calendar kwa kila jambo lenye tarehe au saa, na Google Keep kwa kunasa kila kinachokujia kabla hakijakuponyoka. Orodha ya kazi za kutekeleza, yaani Google Tasks, unaweza kuiendesha ndani ya Calendar hiyohiyo, kwa hiyo huhitaji kupakua programu ya tatu. Zote ni za bure. Lakini nikiishia hapo utazipakua leo, na baada ya wiki mbili zitakuwa zimelala pamoja na zile sita, kwa sababu Notion, Todoist na Trello hazina ubaya wowote mkubwa. Kilichokosewa ni kipimo kilichotumika kuzichagua.

Kipimo hicho, kwa kawaida, ni wingi wa mambo ambayo programu inaweza kufanya. Rafiki anakuonyesha Notion yake yenye kurasa, majedwali na rangi, nawe unavutiwa, kwa kuwa maisha yake yanaonekana yamepangika. Mimi hupendekeza kipimo kingine, kilicho finyu zaidi lakini kisichodanganya: kazi zako zinaingilia wapi, na kutoka hapo mpaka kwenye orodha kuna hatua ngapi? Programu inayodai hatua nyingi haitatumika siku yenye shughuli nyingi, na siku hiyo ndiyo hasa uliyoipakulia.

Tazama jinsi kazi zinavyokufikia. Barua rasmi inapita katika mfumo wa ofisi, na zabuni zinapita katika NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma ambao tangu mwaka 2023 umechukua nafasi ya mfumo wa awali, TANePS. Huko si rahisi jambo kupotea, kwa kuwa mfumo wenyewe unatunza tarehe na kumbukumbu. Kinachopotea ni kile kinachokuja pembeni ya mifumo: mkuu wa kitengo anayekusimamisha kwenye korido akitaka takwimu za robo mwaka, mwalimu anayetuma ujumbe kuhusu kikao cha wazazi, mkulima wa Kibaigwa anayekutumia sauti ya dakika tatu kwenye WhatsApp akieleza bei ya alizeti, magunia aliyonayo na siku gari litakapopakia, na mdogo wako anayepiga kusema kwamba madumu ya lita tano yamekwisha. Mambo haya yanaingia kwa mdomo, kwa simu au kwa WhatsApp, na mara nyingine yanakukuta umesimama ndani ya daladala ukivuka mji kwenda Mtumba, mkono mmoja ukiwa umeshika bomba.

Trello, iliyoanza mwaka 2011, ni ubao wa kadi zinazohamishwa kutoka safu moja kwenda nyingine, na ni chombo kizuri sana pale watu wanne au watano wanapogawana mradi mmoja. Notion inakutaka ujenge nyumba kwanza ndipo uhamie. Mtu anayependa kujenga ataifurahia, lakini wewe una kazi nyingine. Todoist ndiyo iliyo karibu zaidi na mahitaji yako, na anayeandika Kiingereza anaipenda kwa kuwa inaitambua tarehe ndani ya sentensi yenyewe. Ukiiandikia "kesho saa nne" haitaelewa, utalazimika kuweka tarehe na saa kwa mkono, na hapo sehemu kubwa ya sifa yake inakuwa imekupita.

Basi fanya jaribio hili kwa kila programu unayoifikiria, pamoja na hizi ninazozipendekeza. Chukua ile sauti ya mkulima wa Kibaigwa. Ujumbe wa sauti huwezi kuunakili na kuubandika kama maandishi, hivyo ni lazima utoe humo mstari mmoja wa maneno yako. Kwa Keep, weka kwanza wijeti yake, yaani kisanduku cha njia ya mkato, kwenye skrini ya mwanzo ya simu. Ukishasikiliza sauti, gusa wijeti, ukurasa mtupu unafunguka, gusa alama ya kipaza sauti kwenye kibodi, useme: "Alizeti Kibaigwa, magunia ishirini, gari linapakia Alhamisi, mpigie kesho asubuhi." Kibodi ya Google imekuwa ikipokea Kiswahili kwa sauti tangu mwaka 2017, ikiwemo lahaja ya Tanzania, ilimradi uwe umeongeza Kiswahili kwenye mipangilio yake, itakosea jina la kijiji hapa na pale, lakini ujumbe utabaki. Kisha rudi nyuma, kwa kuwa Keep inahifadhi yenyewe bila kuomba ruhusa. Ujumbe wa maandishi ni rahisi zaidi: ubonyeze kwa sekunde chache, unakili, gusa wijeti, ubandike. Sasa rudia zoezi hilohilo kwa Notion yako: ifungue, isubiri ipakie, tafuta ukurasa, tafuta jedwali, ongeza mstari, jaza safu. Huhitaji mtaalamu akuambie ni ipi utaendelea kuitumia ukiwa umesimama ndani ya daladala.

Halafu zima data na urudie. Bando huisha katikati ya siku, na mtandao hudhoofika ukienda vijijini kufuata mzigo. Keep na Calendar zinapokea maandishi bila intaneti na kuyapeleka baadaye mtandao ukirudi. Programu inayokuonyesha duara linalozunguka kwa sababu hakuna mtandao haifai kupewa jukumu la kukukumbusha jambo lolote.

Nimetumia neno kunasa kwa makusudi, kwa sababu kunasa si kupanga, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibikiwa hata wakiwa na programu nzuri. Keep ikiachwa yenyewe, baada ya mwezi mmoja itakuwa dampo la vipande vya maneno ambavyo wewe mwenyewe huvielewi tena. Kwa hiyo tenga muda mfupi mara mbili kwa siku, kwa mfano unapoketi ofisini asubuhi na usiku ukishamaliza hesabu za duka na mdogo wako, upitie kila ulichonasa na kukiamulia. Chenye saa au tarehe isiyosogea kinakwenda Calendar: kikao, siku ya mwisho ya kupokea zabuni, marejesho ya mkopo, mkutano wa wazazi. Unachotakiwa kukifanya lakini unaweza kukisogeza kutoka Jumanne hadi Jumatano kinakwenda Tasks. Kilicho taarifa tu, kama vipimo vya madumu au namba ya stoo, kinabaki Keep chini ya lebo yake. Kinachobaki kinafutwa, na usione huruma kufuta.

Usichanganye Calendar na Tasks. Ukijaza kalenda kwa mambo unayotamani tu kuyafanya, ndani ya siku chache utazoea kuyaruka, na ukishazoea kuruka utaruka hata siku ya mwisho ya zabuni. Kalenda iwe mahali ambapo kila kilichoandikwa ni kweli. Na kazi inayoingia Tasks iandikwe kwa kitenzi na kwa ukamilifu: "Alizeti" si kazi, wala "Ripoti" si kazi, kazi ni "Mpigie mkulima wa Kibaigwa, uliza bei ya gunia na nani analipa kupakia," au "Omba takwimu za robo ya pili kutoka kwa mhasibu." Ukiandika hivyo usiku, asubuhi hutapoteza muda kufikiri ulikuwa unamaanisha nini. Watu huona ni jambo dogo, lakini mimi ningeshauri tabia hii kabla ya programu yoyote ile.

Iwapo unapenda orodha iliyojitenga na kalenda, Microsoft To Do ni mbadala mzuri wa Tasks, nayo ni ya bure. Ina ukurasa wa kazi za siku husika ambao hujifuta kila usiku, ili asubuhi uchague upya yale utakayoyafanya leo badala ya kukutana na mlima wa jana. Wapo wanaoupenda utaratibu huo kuliko kitu kingine chochote. Mimi nimekutajia Tasks kwanza kwa sababu moja tu, kwamba akaunti ya Google tayari unayo kwenye simu.

Au je, unayo kweli? Samahani kwa swali hilo, lakini hapa kwetu ni la lazima. Simu nyingi hufunguliwa akaunti na muuzaji au fundi siku ya kununuliwa, kwa barua pepe aliyoibuni yeye na nywila aliyoiandika yeye, na mwenye simu huja kugundua hana ufunguo siku simu inapoibiwa au inapofutwa. Kabla hujaweka hata mstari mmoja, fungua mipangilio ya simu, soma anwani ya akaunti iliyomo, jaribu kuingia katika akaunti hiyo kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, na hakikisha namba ya kurejeshea nywila ni laini yako unayoitumia sasa. Kama huifahamu nywila, fungua akaunti mpya leo na uanze nayo. Washa pia uthibitishaji wa hatua mbili.

Jambo la pili la kukagua ni iwapo kikumbusho kitalia. Umesema programu zote sita uliziacha, na sitashangaa kama baadhi yake hazikuwa zinakukumbusha kabisa bila wewe kujua. Kuanzia Android 13, iliyotoka mwaka 2022, kila programu mpya inapaswa kuomba ruhusa ya kutuma arifa. Aliyebonyeza kukataa siku ya kwanza kwa haraka ameifunga mdomo. Tena, simu nyingi za bei nafuu na za kati zinazouzwa madukani kwetu zina utaratibu mkali wa kuokoa betri, ambao huzima programu zisizoonekana kwenye skrini, na kikumbusho huzimwa pamoja nazo. Ingia kwenye mipangilio ya programu husika, upande wa betri, uiruhusu kufanya kazi bila kubanwa. Angalia pia kama ina ruhusa ya kengele na vikumbusho. Kisha weka kikumbusho cha dakika kumi mbele, funga skrini, uiache simu mezani. Weka kingine cha alfajiri, kwa sababu simu iliyolala usiku kucha ndiyo inayoficha kasoro hii. Vikilia vyote viwili, endelea. Visipolia, usiilaumu programu kabla ya kurekebisha simu.

Kuna na suala la saa. Sisi tunasema kikao ni saa tatu asubuhi, kidole kinaandika 3:00, na simu inalia saa tisa usiku kila mtu akiwa amelala, halafu saa tatu yenyewe inapita kimya. Kwenye mipangilio ya tarehe na saa chagua mfumo wa saa 24, kisha zoea kubadili unapoandika: saa tatu asubuhi ni 09:00, saa nane mchana ni 14:00, saa moja jioni ni 19:00. Katika mfumo huo hakuna kuchanganya asubuhi na jioni, na kosa lako utaliona kwa macho kabla hujahifadhi.

Kuhusu duka, nakushauri ulitenge na ofisi, lakini ndani ya programu hizohizo. Katika Tasks fungua orodha tatu, yaani Ofisi, Duka na Nyumbani, na usizidishe hapo. Katika Keep tengeneza ukurasa mmoja wa visanduku vya kuweka tiki, uuite Mahitaji ya Duka, kisha umwongeze mdogo wako kama mshiriki kwa anwani yake ya barua pepe. Madumu yakipungua ataandika mwenyewe, nawe utaona ukiwa Mtumba bila kupigiwa simu katikati ya kikao. Ukishanunua unaweka tiki, naye anaona. Kipengele hicho kimoja, kwa maoni yangu, kitakuokolea muda mwingi kuliko vingine vyote nilivyovitaja. Hesabu za mauzo usiziweke huko. Hesabu zina safu na jumla, na mahali pake ni jedwali, iwe Google Sheets au daftari la kaunta ambalo mdogo wako bila shaka analitumia tayari. Kama daftari linaenda vizuri, liache.

Wapo watakaokuambia WhatsApp inatosha, na wana sehemu ya ukweli. Unaweza kuweka alama ya nyota kwenye ujumbe muhimu, na tangu mwishoni mwa mwaka 2022 unaweza kujitumia ujumbe wewe mwenyewe. Kama njia ya kunasa, inakubalika, hasa kwa mtu asiyetaka kujifunza kitu kipya. Kasoro yake ni kwamba jambo lililomalizika na lisilomalizika yanafanana, yote ni mistari inayosogea juu na kutoweka, na ukiingia kutafuta kazi yako unapokelewa na ujumbe mia moja wa watu wengine.

Hilo linanipeleka kwenye sehemu ambayo hukuiuliza. Faida kubwa ya ufanisi kwenye simu hupatikana kwa kupunguza, na ndiyo maana watu wanaopakua programu mpya kila mwezi hawasongi mbele. Android ina kipengele cha Digital Wellbeing, kilichoanza mwaka 2018, kinachoonyesha ni mara ngapi umeifungua simu kwa siku na ni programu ipi iliyokula muda wako. Kitazame siku moja ya kawaida ya kazi. Nadhani utakuta kazi zako zinapotea katikati ya makundi ya WhatsApp: kamati ya harusi, kamati ya send-off, kikundi cha waliosoma pamoja, cha kanisani au msikitini, cha mtaa, cha wazazi wa darasa. Hayo huwezi kujitoa, na sikushauri ujitoe, maana siku ya shida wao ndio watakaokuja. Lakini unaweza kuyanyamazisha moja kwa moja na kuyahamishia kwenye kumbukumbu zilizofichwa (Archive), kisha ukayasoma yote kwa pamoja jioni. Acha sauti kwa watu wachache: mkuu wako wa kazi, mdogo wako dukani, shule, na familia ya karibu. Vikumbusho vya Calendar vikibaki karibu peke yake katika kulia, utavisikia.

Kuhusu kulipia: kwa sasa hapana. Toleo la kulipia huongeza nafasi, ukubwa wa mafaili, idadi ya miradi au uwezo wa kushirikiana na watu wengi, na hakuna hata kimoja ambacho maelezo yako yanaonyesha kimekukwamisha. Lipia pale tu utakapokuwa umetumia toleo la bure kwa miezi mitatu mfululizo na ukaweza kutaja kwa sentensi moja kitu unachokikosa. Fahamu pia kwamba malipo haya kwa kawaida ni ya kujirudia kila mwezi au kila mwaka, na kwamba bei iliyopangwa kwa dola hupanda kwa shilingi hata kama kampuni haijaongeza chochote. Na tafadhali usikubali faili la programu ya kulipia iliyofunguliwa linalosambazwa kwenye makundi ya Telegram na WhatsApp. Aliyeivunja programu hiyo hakujui wala hakudai fedha, na inafaa ujiulize analipwa na nini.

Hata toleo la bure lina swali lake, nalo ni jinsi utakavyoondoka. Wunderlist, programu ya orodha iliyokuwa ikipendwa sana, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2015 na kufungwa Mei 2020. Waliohamisha orodha zao kwenda To Do walisalimika. Evernote, ambayo kwa miaka mingi watu waliijaza kumbukumbu zao bure, mwishoni mwa mwaka 2023 iliwawekea watumiaji wa bure kikomo cha kurasa 50 na daftari moja. Sisemi haya ili kukutisha. Nasema kabla ya kuweka vitu vingi mahali popote, tafuta kwanza kama kuna njia ya kuvitoa vyote kwa pamoja. Kwa Google njia hiyo ni Takeout, inayokupa nakala ya Keep, Calendar na Tasks kwa faili moja au zaidi, na ukifanya hivyo mara mbili kwa mwaka inatosha.

Sasa usalama, swali ambalo kwa nafasi yako ni zito kuliko yote. Programu hizi zinahifadhi maandishi yako katika seva zilizo nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti juu ya kukusanya na kuhamisha taarifa za watu, yakiwemo ya kuzipeleka nje ya nchi. Na katika kazi yako zipo pia kanuni za usiri wa ununuzi, ambapo yaliyomo katika tathmini ya zabuni hayapaswi kumfikia mtu asiyehusika. Kwa hiyo programu binafsi iwe na kazi, isiwe na yaliyomo ndani ya kazi. Andika "Kamilisha sehemu yangu ya tathmini, faili la tatu, kabla ya Ijumaa 15:30." Usiandike jina la mzabuni, bei aliyoweka, alama alizopata wala namba ya simu yake. Usipige picha ya waraka wa ofisi na kuiweka Keep ili uisome nyumbani, hata kama Keep inaweza kusoma maandishi yaliyo kwenye picha, maana picha hiyo itakufuata kila mahali akaunti yako ilipofunguliwa. Waraka ubaki katika mfumo wa ofisi, na kama taasisi yako ina maelekezo ya maandishi kuhusu vifaa binafsi, yafuate hayo hata pale yanapotofautiana na ninayokuambia mimi.

Ruhusa nazo ziangaliwe. Programu ya orodha haina sababu ya kusoma SMS zako, ambazo ndimo zinamoingia taarifa za miamala ya fedha, wala majina yote uliyoyahifadhi. Tangu Android 6 ya mwaka 2015 unaweza kukataa ruhusa moja moja na programu ikaendelea kufanya kazi. Ikikataa kufunguka mpaka uipe kila kitu, iondoe. Tumeona madhara ya jambo hili kwenye mikopo ya simu, ambako wadaiwa waliaibishwa kwa ndugu na marafiki waliochukuliwa kutoka kwenye orodha zao za majina, mpaka Benki Kuu mwezi Novemba 2024 ikapiga marufuku majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni.

Lililobaki ni lini uanze. Usianze mwezi Mei wala Juni. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa tarehe 30 Juni, na afisa ununuzi yeyote anajua miezi hiyo inavyokuwa. Kwako ni vigumu zaidi, kwa sababu ndicho kipindi ambacho alizeti ya Dodoma na Singida inatoka shambani na bei inakuwa nzuri kwa mnunuzi. Mtu aliyebanwa hivyo hurudi kwenye mazoea yake ya zamani, na atadhani programu ndiyo iliyomshinda. Julai au Agosti ni wakati mzuri, ili msimu ujao ukukute tayari umezoea. Kama barua hii inakufikia wakati wa shughuli, weka wijeti ya Keep tu kwa sasa, unase, na Calendar na Tasks zisubiri.

Zile sita zishughulikie kwa utaratibu kabla ya kuzitoa kwenye simu. Fungua kila moja, hamishia Keep chochote ambacho bado unakihitaji, kisha ufute akaunti yako kutokea ndani ya mipangilio yake, kwa maana kuiondoa programu kwenye simu hakufuti ulichoiandikia. Vilevile, kama uliwahi kukubali kipindi cha majaribio ya toleo la kulipia kwa kutumia kadi ya benki, ingia kwenye Play Store, sehemu ya malipo na usajili, uusitishe usajili huo hapo. Kuondoa programu hakusimamishi makato.